Mtoto anataka saksafoni, fomu ya bendi ya shule inarudi Jumatatu. Wadau wa Tanga naombeni ushauri

MamaNasri (Chumbageni)

Wakuu habari za jioni. Muziki mimi naujua wa kuchezea harusini tu kwa hiyo nikiuliza ujinga mnisamehe. Shule anayosoma mwanangu wameanzisha bendi, na sio zile ngoma tatu za skauti siku ya mahafali, hapana, bendi ya kupuliza kabisa, kuna mwalimu kaja na vyombo vimeletwa na mfadhili ila havitoshi, wanaanza na darasa la tano. Nasri kaja na fomu, mzazi uandike chaguo la kwanza na la pili: fluti, klarineti, saksafoni, tarumbeta, tromboni au ngoma. Jumatatu inatakiwa shuleni.

Sasa mtoto ana miaka kumi na anataka saksafoni, hasikii haambiwi. Kisa ni harusi ya shangazi yake kule Ngamiani, matarumbeta yalikuja na kirikuu wakazunguka mtaa mzima, kulikuwa na kaka mmoja kavaa miwani nyeusi anapuliza saksafoni huku anacheza, basi mwenzenu akili ikahama. Baba yake anasema aandike ngoma, fimbo mbili tu yameisha. Mama mkwe ndo kabisaa, anasema mtoto anasoma madrasa vizuri af nyie mnampeleka kwenye matarumbeta ya wahuni.

Wasiwasi wangu: ana pumu, sio kali lakini pampu ipo nyumbani. Vidole vyake vidogo. Jino moja la pembeni linacheza. Na tunaishi nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga. Mwalimu anasema mwenye uwezo anunue chake maana vya shule watashea. Ninunue? Nimwache na saksafoni yake au mkubwa ndo aamue? Nawasilisha.

dogo_wa_Sahare

Tarumbeta shem, usiulize mara mbili. Wale jamaa wa kirikuu wikiendi hawakosi kazi, dogo akifika form one ada anajilipia mwenyewe 😂😂

BintiMakorora

@dogo_wa_Sahare wewe kila uzi lazima uharibu. MamaNasri vuta subira, kuna mzee humu alipuliza jeshini miaka na miaka, nimemtag. Shikamoo @KoploMstaafu, uzi wako huu.

KoploMstaafu

Marahaba binti. Nimeitwa nimeitika.

MamaNasri mwanangu, hiyo fomu usiijazie nyumbani. Nenda na mtoto shuleni mwombe mwalimu avijaribu vyombo kimoja kimoja, hata nusu saa yatosha, maana hapa mnabishana mtoto na baba na bibi na hakuna hata mmoja kati yenu aliyekwisha kusikia Nasri akipuliza nini hutoka.

Tuanze na tarumbeta na tromboni. Apewe mauthipisi peke yake, kile kipande cha kuwekea mdomo, bila chombo. Afunge midomo, pembeni abane, katikati alegeze, apulize mpaka midomo yenyewe itetemeke, ule mlio wa mtoto anayeigiza pikipiki. Kuna mtoto ukimpa tu huo hapo umetoka, na kuna mwingine atavimbisha mashavu mpaka machozi yamtoke na husikii kitu. Asipotoa siku ya kwanza si kwamba hawezi, lakini anayetoa bila kuhangaika ana pa kuanzia, na mtoto asipokuwa na pa kuanzia wiki ya tatu tu kashachoka. Na wapo watakaokwambia midomo minene haifai tarumbeta, usiwasikilize, nimepuliza na watu wa kila aina ya mdomo.

Tromboni haina vitufe, ina ule mkono unaovutwa, na una vituo saba. Cha saba mtoto wa miaka kumi hakifikii, mkono mfupi, ila nyimbo za mwanzo hazimpeleki huko mara nyingi kwa hiyo lisiwatishe. Kinachotakiwa kwenye tromboni ni sikio, maana hakuna kitufe cha kukwambia umefika. Kama mtoto akighani kaswida hatoki kwenye sauti, mwalimu ajue hilo.

Fluti naye ajaribu kichwa chake tu, kile kipande cha juu, apulize kukatisha tundu si kuingiza ndani. Kizunguzungu kitamshika, wote kinawashika, akae kwenye kiti apumzike kidogo kisha arudie.

Saksafoni sasa, mpenzi wake. Kutoa sauti ya kwanza kwenye saksafoni si kazi, ndiyo maana watoto huipenda, na vidole vidogo si tatizo kubwa kwa sababu matundu yanafungwa na vifuniko, wewe wabonyeza tu. Ila ni nzito. Aanze na alto si tena, na hiyo alto yenyewe ni kama kilo mbili na nusu zinaning'inia kwenye shingo ya mtoto. Mtazame amesimama nayo, mabega yakipanda juu na mkono wa kulia haufiki chini bila kupinda mgongo, mwili bado.

Kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Saksafoni ni ya shaba lakini ndugu yake ni klarineti si tarumbeta, kwa sababu zote mbili sauti yatokana na ridi, kile kijiti chembamba kinachofungwa kwenye mauthipisi. Aliyeitengeneza ni Mbelgiji, Adolphe Sax, akaisajili Paris mwaka 1846, na mabendi ya jeshi ndiyo yaliyoichukua mwanzo kabla ya watu wa dansi. Wengi niliopuliza nao saksafoni wakiwa wazuri hasa walianzia klarineti. Kutoka klarineti kwenda saksafoni ni mteremko, kurudi ndiyo kazi.

Ila klarineti matundu yake yako wazi, kidole chenyewe ndicho kifuniko. Kikiacha upenyo kiduchu tu chombo kinapiga ukelele. Jinsi ya kujua kama vidole vyafaa: ashike klarineti, afunike matundu yote abonyeze vizuri kidogo, kisha aachie umtazame ncha za vidole. Utaona duara limechorwa kwenye nyama. Likiwa duara kamili kila kidole, vidole vyatosha. Likiwa nusu duara, ama anashika upande ama bado mdogo.

Jino la pembeni lisikusumbue. Yanayotazamwa ni ya mbele ya juu, hayo ndiyo yanayokaa kwenye mauthipisi ya klarineti na saksafoni, na ndiyo yanayobeba mgandamizo wa tarumbeta.

Baba Nasri naye nimwambie, ngoma si fimbo mbili. Mpiga ngoma wa bendi ya shule anasoma noti na wenzake, anahesabu kimya kirefu bila kupotea, na akienda mbele anapewa na zile kengele za vyuma zilizopangwa kama kinanda. Halafu kila mzazi anayeogopa gharama anaandika ngoma, nafasi zinajaa siku ya kwanza.

MamaNasri (Chumbageni)

Mzee wangu Mungu akuweke, nimesoma mara mbili na baba yake nimemsomea kwa sauti, kanyamaza. Jumamosi mwalimu yupo, tutaenda. Bado pumu inanitisha, na kelele. Na kuna mtu kaniambia pembeni kuwa kupuliza kunatibu pumu, ni kweli?

nesi_mikanjuni

MamaNasri mimi ni muuguzi, naomba nijibu hili. Haitibu. Ukisikia mtu anakwambia mtoto akipuliza tarumbeta uache dawa mkimbie. Ila pia pumu sio kizuizi, watu wengi wenye pumu wanapuliza, la msingi ni iwe imedhibitiwa. Angalia hivi, akiwa anahitaji pampu ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamka usiku kwa kukohoa, hapo pumu yenyewe haijakaa sawa, mpeleke kliniki kwanza habari ya bendi baadae. Akiwa mzima aende, pampu iwe kwenye begi lake sio kabatini kwako, na mwalimu umwambie wazi, usione aibu. Siku kifua kinapiga filimbi asipulize, akae na wenzake asikilize na kufuata noti kwa macho.

Lingine watu hawalisemi, usafi. Ndani ya hivyo vyombo kuna unyevu wa mate muda wote, ukiachwa unaota ukungu, na kuna wapulizaji wameshaugua mapafu kwa sababu ya chombo kisichosafishwa. Kwa mwenye pumu hilo ndo la kuogopa kuliko kupuliza kwenyewe. Na kama wanashea chombo sawa, ila mauthipisi kila mtoto na yake. Ikishindikana ioshwe kwa maji na sabuni kila inapobadilisha mdomo, sio kufuta na shati la shule.

FundiVyombo_TA

Naongezea hapo kwa nesi. Tarumbeta na tromboni unaweza kuziosha zima, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, brashi laini ndani, mara moja kwa mwezi inatosha, ila klarineti na saksafoni USIJARIBU kuziingiza kwenye maji, zile pedi chini ya vifuniko zinavimba na chombo kimekufa hapo hapo. Hizo unapitisha kitambaa ndani kila akimaliza, na ridi inatolewa inafutwa inakaa kwenye kiboksi chake, sio kuachwa imefungwa mpaka kesho. Mauthipisi ndo inaoshwa peke yake.

Na hapa kwetu pwani hewa ya chumvi haina huruma, shaba ukiiacha nje ya boksi unaikuta ina kijani kwenye viungio. Afute na kitambaa kikavu, afunge boksi. Halafu naomba niseme hili kwa herufi kubwa MAFUTA YA NAZI HAYAINGII KWENYE VALVU, yaani vile vitufe vya tarumbeta. Wala ya kupikia. Najua yapo kila nyumba Tanga hii ila yanashika vumbi yanaganda, nimeletewa tarumbeta vitufe vimegoma kabisa nimefungua nakuta utando wa njano unanukia wali. Kuna mafuta yake maalum mepesi, chupa ndogo inakaa miezi.

Kuhusu kununua, usinunue sasa. Subiri angalau muhula mmoja upite na chombo cha shule. Kama mtakubaliana na shule mkodi au alipie kidogo achukue nyumbani wikiendi ni bora zaidi. Vile vipya vya bei poa kabisa vinavyouzwa mtandaoni vinang'aa lakini chuma chake laini, vikipinda spea hakuna, na fundi anakwambia kutengeneza ni ghali kuliko kununua kingine. Bora chombo kilichotumika cha kampuni inayojulikana, Yamaha za wanafunzi mfano, kimekwaruzika lakini kinafanya kazi. Ukienda kununua usiende peke yako, nenda na mpulizaji. Tarumbeta: bonyeza vitufe vyote vitatu uone vinarudi haraka bila kukwama, kibonyeo kidogo kwenye ule mdomo mpana wa mbele sio kesi, kwenye bomba la karibu na mdomo ni kesi. Tromboni: ule mkono uteleze wenyewe ukiinamisha (ushike lakini usije ukadondoka), ukikwama katikati achana nayo. Klarineti chukua ya plastiki usije ukadanganywa na ya mbao, mbao inapasuka kwa mtoto anayeiacha juani dirishani.

dogo_wa_Sahare

"utando wa njano unanukia wali" nimecheka mpaka nimeangusha simu 😂 sawa sasa naongea la maana, kelele. Saksafoni huwezi kuizuia jirani, hakuna cha kuziba inatoka kila tundu. Tarumbeta na tromboni kuna kile kizibo unachomeka mbele inapungua sana. Ngoma kuna kigodoro cha mpira cha kupigia. Kama ni saksa au klarineti shem ongea na jirani tu, mtoto mchanga analala saa ngapi, dogo afanye robo saa kila siku kuliko Jumapili masaa matatu watu wakahama. Jioni kabla ya magharibi ampeleke ufukweni Raskazone huko apulizie bahari, bahari hailalamiki.

BintiMakorora

Leo umeongea kama mtu mzima, maajabu.

Mie nimekuja kwa ajili ya mama mkwe. MamaNasri usibishane nae, mkalishe umuulize harusi yake yeye walipiga nini. Hawa wazee wetu wanajisahaulisha tu. Kupuliza Tanga hakukuja na kirikuu, shule ya serikali ya Mjerumani hapa ilikuwa na bendi ya wanafunzi wanapuliza, na baadae beni, ile ngoma ya kuiga bendi za jeshi, ikashika pwani yote watu wakagawanyika makundi mawili, Marini na Arinoti, sare zimenyooshwa, vyeo vya kijeshi, bibi zake yeye mama mkwe ndo walikuwa wanashona hizo sare. Af taarabu, Black Star na Lucky Star zilikuwa za hapahapa, Bi Shakila kaimba hapa, unataka kuniambia wale wote wahuni? Sema mtoto akianza usimpeleke mazoezi siku ya madrasa. Ukigusa ratiba ya maalim hapo bibi atakuwa na haki na sisi wote tutamuunga mkono.

Na kama anapiga dufu kwenye maulidi mwambie mwalimu, mtoto wa dufu kuhesabu mapigo hafundishwi.

KoploMstaafu

Binti kasema kweli kuhusu dufu. Na niongeze, watu wa kupuliza wapo karibu kuliko mnavyodhani. Vikundi vya tarumbeta vya KKKT, kanisa la Kilutheri, vipo toka enzi za wamisionari wa Kijerumani, huko Usambara ndiyo usiseme, na wale hufundisha watoto kwa utaratibu, noti na pumzi. Mwalimu wa shule akilemewa aombe msaada wa mmoja wao kwa upande wa shaba. Muziki ukiwa wa noti haumuulizi mtu anaswali wapi.

MamaNasri (Chumbageni)

Jamani nimerudi. Jumamosi tumeenda, na baba yake kaja, kumbe nae alikuwa na hamu.

Saksafoni kapewa kwanza maana macho yalikuwa huko. Sauti imetoka mara moja, kubwa, kacheka mpaka kashindwa kuendelea. Ila kama alivyosema mzee, mkanda ulifupishwa mpaka mwisho na bado chombo kinampiga gotini, mkono wa kulia anainama kuufikisha. Mwalimu akasema pia saksafoni ziko mbili na fomu zilizorudi mpaka jana nane zimeandika saksafoni. Nasri akanuna. Tarumbeta, ile ya pikipiki, katoa hapo hapo hata kabla mwalimu hajamaliza kueleza, lakini kwa hasira, anatoa huku kakunja uso.

Kisha klarineti. Kwanza ukelele tupu, baba yake kaziba masikio. Mwalimu kamshusha mabega kamwambia meno juu, mdomo wa chini ufunike meno, apulize taratibu, ikatoka moja nzito ya chini hiyo, darasa zima kimya. Nikaomba nimtazame vidole. Duara saba, kidole gumba nacho kina lake kwa nyuma. Sita kamili, cha mwisho mkono wa kulia nusu. Mwalimu akashangaa mama wa watu nimejulia wapi, nikasema nina wazee wangu mtandaoni 😄

Kilichommaliza Nasri ni mwalimu alivyochukua saksafoni akapiga kipande kifupi af akachukua klarineti akapiga kilekile sauti za juu, akamwambia atazame vidole tu asisikilize. Vidole karibu ni vilevile. Akamwambia ukifika darasa la saba na mwili umekua, chombo kile pale, na utakuja unajua nusu ya kazi. Basi fomu tumeandika klarineti, la pili tarumbeta. Kununa hajaacha lakini jana nimemkuta kashika penseli mdomoni anapanga vidole.

Pampu iko kwenye begi. Jirani kasema mtoto wake analala saa nane mpaka saa kumi, baada ya hapo ruksa. Mama mkwe kauliza tu "Jumatano na Alhamisi anakuja madrasa?" nikamwambia anakuja, kasema haya.

Sasa mwalimu kasema kila mtoto wa klarineti alete ridi zake, namba moja na nusu au mbili. Kwa hapa Tanga nazipata wapi na ninunue ngapi?

FundiVyombo_TA

Namba mbili kama mdomo unashika vizuri, ila kwa miaka kumi anza na moja na nusu, ngumu zinamfanya abane taya. Usinunue moja moja, chukua boksi, zina vipande kumi, awe na tatu anazunguka nazo leo hii kesho ile, zinadumu zaidi. Zikichanika ncha hata kidogo ni ya kutupa usimwache aikate na wembe. Na hakikisha zimeandikwa za klarineti ya B flati, kuna mzazi kaletewa za alto saksa hazikai.

Hapa mjini dukani sijaziona. Kuna mtu wangu anashuka na basi kutoka Dar Ijumaa, nimemwagiza mafuta ya valvu, nitamwambia aongeze boksi lako. Njoo PM.

dogo_wa_Sahare

Fundi na mimi niwekee tarumbeta moja kwenye hilo basi, siku hizi kazi hakuna.

FundiVyombo_TA

Lete hela kwanza.